Jinsi ya kuona nyota zilizokufa kwa darubini ndogo

Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha kutumia darubini aliniuliza kama nyota ikifa hubakiza kitu kinachoweza kuonekana, nami nikaona jibu lililo bora ni kumwonyesha. Kati ya Desemba na Machi, saa za mwanzo wa usiku, eneo linalozunguka kundinyota la Jabari, yaani Orion, lina karibu kila kitu tunachokihitaji, na kazi nzima huchukua saa mbili kama hakuna mwezi.

Jambo moja lieleweke kabla ya kuanza, nalo ni kwamba mwisho wa nyota huamuliwa hasa na masi yake. Nyota isiyozidi takriban mara 8 ya masi ya Jua humaliza haidrojeni iliyomo katika kiini chake, huvimba ikawa jitu jekundu, kisha hutawanya tabaka zake za nje na kubakiza kiini kitupu kiitwacho kibete cheupe. Iliyo nzito zaidi huendelea kuunganisha viini vya atomu hadi kufikia chuma, ambacho hakitoi tena nishati ya kuibeba nyota. Kiini huporomoka, nyota hulipuka (mlipuko huo huitwa supanova), na kinachobaki ni nyota ya nutroni, yaani kiini kidogo kilichoshindiliwa mno, au shimo jeusi, ambalo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake.

Natumia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150, juu ya kitako cha Dobson kisicho na mota. Naipendekeza kwa anayeanza kuliko zile zinazojielekeza kwa kompyuta, kwa sababu anayepelekwa na mota huiona nyota bila kujua iko wapi angani. Chukua pia ramani ya nyota ya karatasi na tochi ya mwanga mwekundu. Simu iache ndani, kwani mwangaza wake huharibu uwezo wa macho kuona gizani.

Hatua ya 1: Itazame nyota inayokaribia kufa

Hii ni Betelgeuse, nyota nyekundu begani mwa Jabari, na haihitaji darubini. Ilipofifia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, wengi walidhani inalipuka, lakini sababu kubwa ilikuwa wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe.

Hatua ya 2: Kitafute kibete cheupe

Wengi hukimbilia Sirius B, kibete cheupe kilicho kando ya nyota Sirius, kwa sababu ya umaarufu wake. Nakushauri usianze nayo, kwa kuwa Sirius yenyewe hung'aa takriban mara 10,000 kuliko kibete hicho na humeza mwanga wake wote. Kilicho rahisi kuliko vyote ni 40 Eridani B, kilichoko umbali wa miaka ya nuru 16 na ushee.

Anzia Rigel, mguu mweupe wa Jabari. Nyoosha mkono, kunja ngumi, upime ngumi moja na nusu kuelekea magharibi. Hapo utakuta nyota mbili hafifu zilizoachana kwa digrii moja na kidogo, nazo ni Omicron-1 na Omicron-2 za kundinyota la Eridanus. Unayoitaka ni Omicron-2, ambayo ndiyo 40 Eridani. Iko kusini-mashariki mwa mwenzake, na ndani ya darubini rangi yake huelekea machungwa. Mfumo huu una nyota tatu, zinazoitwa A, B na C, na hiyo ni A. Kibete chenyewe, B, ni nukta ya mng'ao wa daraja la 9.5 (daraja likiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), sekunde za tao 83 upande wa mashariki; sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii, na dakika ya tao ni sekunde 60 hizo.

Hapa ndipo nilipopoteza usiku tatu. Darubini ya kioo hupindua picha, kwa hiyo mashariki ya ramani si upande uliouzoea, nami nilikuwa nikiitazama nyota nyingine kabisa ya nyuma. Ili kuhakikisha, nilichukua picha ya anga iliyopigwa miaka ya 1950 nikalinganisha nukta kwa nukta, na hakuna kilicholingana. Nilisafisha kioo, nikabadilisha lenzi, nikailaumu ramani. Sababu niliielewa baadaye: mfumo huu husogea angani kwa takriban sekunde 4 za tao kila mwaka, mwendo mkubwa mno kwa nyota, na kwa miaka 70 umehama karibu dakika 5 za tao kuelekea kusini-magharibi. A na B husafiri pamoja, lakini nyota za nyuma yao zimebaki pale pale. Kwa hiyo usitumie picha ya zamani bila kusoma mwaka wake, na usiwaamini majirani wa nyuma. Amini umbali na upande wa B kutoka A.

Upande huo hupatikana bila ramani yoyote. Weka A katikati kisha uiachie darubini bila kuigusa. Mzunguko wa Dunia utazisogeza nyota zote kuelekea magharibi. A itatangulia kutoka kwenye duara la lenzi, na B itaifuata baada ya sekunde tano hivi. Nyota isiyofuata kwa mpangilio huo siyo. Uthibitisho wa pili ni C, kibete chekundu (nyota ndogo ambayo bado haijafa) cha daraja la 11 kilichoshikamana na B. Ongeza ukuzaji hadi mara 150, subiri hewa itulie, nacho kitajitokeza kando yake.

Ukishakiona, usiondoke upesi. B ina joto la takriban nyuzi 17,000, zaidi ya mara tatu ya A, ilhali mwanga wake ni hafifu mara 100 hivi. Kitu chenye joto kiasi hicho kinaweza kufifia namna hiyo pale tu kinapokuwa kidogo sana: kipenyo chake ni kama mara moja na nusu ya kile cha Dunia, ingawa masi yake inazidi nusu ya ile ya Jua. Kitendawili hiki ndicho kilichomshangaza mwanafalaki Henry Norris Russell mwaka 1910, mwanafalaki mwenzake Williamina Fleming alipothibitisha kwamba spektra ya B, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, ni ya nyota nyeupe. Tena, kwa kuwa B ndiyo iliyokufa kwanza kati ya ndugu hawa watatu, ndiyo iliyozaliwa ikiwa nzito kuliko wote.

Hatua ya 3: Nebula ya Kaa

Iko digrii moja kaskazini-magharibi mwa Zeta, nyota ya kundinyota la Thauri (Taurus). Tumia ukuzaji mdogo, na tazama pembeni yake badala ya kuikazia macho. Ukungu huo ni masalia ya supanova iliyoandikwa na wanajimu wa China mwaka 1054. Ndani yake nyota ya nutroni huzunguka mara 30 kwa sekunde, ingawa darubini hii haiwezi kuitenga.

Hatua ya 4: Shimo jeusi

Hutaliona. Elekeza tu darubini kwenye kundinyota la Monoceros, mashariki mwa Jabari, ambako mfumo wa A0620-00 uling'aa ghafla mwaka 1975 na sasa umefifia kupita uwezo wetu. Humo nyota ya kawaida hulizunguka shimo jeusi kwa muda usiofika saa nane.

Hatua ya 5: Chora

Rudi kwa 40 Eridani, chora A, B na kila nyota ya nyuma unayoiona, kisha andika tarehe. Ukirudia mchoro huo baada ya miaka 10, utaikuta A imehama nusu ya umbali uliopo kati yake na kibete, nacho kibete kimehama pamoja nayo.