Somo: Kupima Fosforasi na Kuhesabu Planktoni Ziwa Jilore

Maji ya ziwa yakigeuka kijani, watu huuliza mbolea imetoka wapi. Ulizeni pia: tope la chini limehifadhi nini, na mwani unaliwa na nani? Mto Sabaki, unaolijaza ziwa hili, ukifurika huja na tope jekundu lenye chuma kingi, na fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mwani huila, hung'ang'ania chuma hicho. Maadamu chini kuna oksijeni, fosfeti hutulia pale. Oksijeni ikiisha, chuma hubadilika na kuyeyuka, fosfeti ikafunguka na kurudi majini. Kwa hiyo kipimo cha maji ya juu peke yake hakitoshi.

1. Chupa. Kazi nyingi huharibika hapa, kabla mtumbwi haujasukumwa. Loweka chupa usiku kucha katika asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Sabuni ya unga usiikaribishe: baadhi zina fosfeti, na mabaki yake hupandisha kipimo kuliko ziwa lenyewe. Usitie kidole ndani ya kifuniko.

2. Uwazi wa maji. Sahani ya sentimita 20, robo nyeusi, robo nyeupe. Ishushe upande wa kivuli, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Pima kina inapopotea, kisha inapoonekana tena ukiivuta, chukua wastani. Andika na rangi ya maji. Baada ya mafuriko sahani hupotea mapema kwa sababu ya tope, wala si mwani.

3. Oksijeni. Tumia kipimo cha waya, alfajiri kabla jua halijachomoza, juu na chini. Chini ya miligramu 2 kwa lita karibu na tope, tegemea fosfeti kupanda. Usiende peke yako. Sabaki ina viboko na mamba.

4. Maji ya fosfeti. Chota sentimita 30 chini ya uso, na nusu mita juu ya tope bila kuligusa. Chuja papo hapo kwa karatasi ya mikromita 0.45, weka gizani kwenye barafu. Ukichelewa, mwani huendelea kula fosfeti ndani ya chupa na maabara itakupa namba ndogo isiyo ya kweli. Chupa nyingine ya maji yasiyochujwa ihifadhi kwa fosforasi yote.

5. Planktoni. Mwaga ndoo tano za lita 10 kwenye wavu wa mikromita 60, kusanya zuplanktoni (wanyama wadogo sana wanaoelea majini), ongeza maji yafike mililita 100. Tikisa taratibu, hesabu mililita 1 kwenye hadubini, zidisha kwa 2: hiyo ni idadi kwa lita. Dafnia (zuplanktoni wanaochuja mwani na kuula) 30 ni 60 kwa lita.

Mwani mdogo hupita kwenye wavu, hivyo chukua mililita 100 za maji ya ziwa yasiyopita wavuni katika chupa ya kioo, si plastiki, maana plastiki hunywa iodini. Dawa ya iodini ya kuuhifadhi mwani: potasiamu iodaidi gramu 20 iyeyushwe kwanza katika maji mililita 200, kisha iodini gramu 10, mwisho asidi ya asetiki mililita 20. Ukianza na iodini haitayeyuka. Tia mililita 1, maji yawe rangi ya chai hafifu, yatuame siku mbili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kipimo cha duka la samaki wa mapambo chafaa?*
Hapana, dada. Vingi huanza miligramu 0.25 kwa lita, na ziwa huharibika kabla ya hapo. Tena husoma fosfeti nzima. Gawanya kwa 3.06 upate fosforasi.

*Maji ni kijani kabisa lakini maabara yasema fosfeti karibu sifuri. Wamekosea?*
Sivyo, kaka. Imeshaingia mwilini mwa mwani. Omba fosforasi yote, iliyochemshwa kwa persalfeti, kemikali inayoifungua kutoka kwenye seli. Ikizidi mikrogramu 35 kwa lita ziwa limeshiba; ikizidi 100, limevimbiwa.

*Nitajuaje kama ni ule mwani wa sumu?*
Jaza chupa ya kioo, iache itulie saa moja. Chembe za kijani zikipanda na kutanda juu kama rangi iliyomwagika, shuku maikrosistisi, ndiyo mwani wa sumu: seli zake zina vifuko vya hewa. Zikizama, huenda ni aina nyingine. Hadubini ndiyo itakayokata shauri.

*Tukichemsha maji hayo tunywe?*
Msinywe, mzee wangu, wala ng'ombe wasinywe. Kuchemsha hupasua seli na sumu humwagika majini; moto hauiondoi. Kiwango cha WHO cha maikrosistini-LR, sumu ya mwani huo, katika maji ya kunywa ni mikrogramu 1 tu kwa lita.

*Tukiongeza perege watausafisha mwani?*
Perege wakubwa hula mwani, ndiyo. Vifaranga hula dafnia, wale wachujaji wenu, na samaki wakichimba tope huinua fosfeti mliyotaka ikae chini. Hesabuni dafnia kwanza, mwezi hadi mwezi, ndipo mfikirie samaki.