Kumtembelea shangazi Uingereza ukitokea Roysambu: mwongozo kwa msichana anayejitegemea

Shangazi yako anayeishi Uingereza anapokupigia simu usiku na kukwambia uende ukamtembelee mwezi wa Oktoba, jambo la kwanza utakalotamani kufanya ni kutafuta bei ya tikiti. Liache kwanza. Tikiti ni ya mwisho kununuliwa, na nauli yenyewe si sehemu ngumu ya safari hii. Sehemu ngumu ni karatasi, na karatasi hizo hutokana na namna unavyoishi hapa Nairobi kila siku: jinsi unavyolipa kodi, jinsi mshahara unavyoingia, na jinsi majina yako yalivyoandikwa tangu ulipozaliwa. Ninaandika nikiwa nimeomba viza mara mbili, moja ikakataliwa na nyingine ikakubaliwa, kisha nikakaa wiki 5 nyumbani kwa shangazi mjini Reading, magharibi mwa London.

Anza na pasipoti, hata kama safari iko mbali. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya eCitizen, ambako unajaza fomu, unalipa, unachagua siku ya kufika, kisha unazichapisha karatasi zako na kuzipeleka Nyayo House au ofisi nyingine ya uhamiaji uliyochagua ili upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Beba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa halisi pamoja na nakala zake, na ubebe kalamu yako mwenyewe, kwa maana kwenye foleni kila mtu huomba kalamu na hakuna anayeirudisha. Kabla ya hayo yote, weka kitambulisho na cheti cha kuzaliwa mezani, kimoja kando ya kingine, uyasome majina herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna jina la ubatizo ambalo liko kwenye kitambulisho na halimo kwenye cheti, au jina la baba lililokosewa na karani. Kurekebisha kasoro kama hiyo huchukua muda, na ni afadhali uigundue ukiwa nyumbani kuliko dirishani.

Viza

Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza hukuruhusu kukaa hadi miezi 6, na unaweza kuiomba mapema zaidi miezi 3 kabla ya siku ya kusafiri. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha hupangiwa siku ya kwenda kutoa alama za vidole hapa Nairobi, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya hapo. Anayesafiri Oktoba basi asingoje Septemba kuingia.

Afisa atakayeamua hajakuona wala hatakuona, na swali analojiuliza ni moja tu: je, huyu atarudi? Msichana ambaye hajaolewa, hana shamba wala gari, na anaishi katika chumba cha kupanga, anaweza kudhani kwamba hana la kujibu. Analo. Barua ya mwajiri inayotaja kazi yake, mshahara, siku za likizo alizopewa na tarehe atakayorejea kazini ni jibu. Mkataba wa nyumba ni jibu. Ikiwa unasoma jioni, barua ya chuo ni jibu pia, na ikiwa unamlipia mdogo wako karo, risiti zake zina maana kuliko unavyofikiri. Kwa upande wake, shangazi aandike barua ya mwaliko inayosema yeye ni nani kwako, utakaa wapi, kwa muda gani, na nani atalipia nini, kisha aambatishe nakala ya pasipoti yake au ya kibali chake cha kuishi huko. Akisema yeye ndiye atakayekugharimia, aonyeshe pia hati zake za mshahara.

Sasa nieleze kosa langu, ambalo nimeona wasichana wengi wakilirudia. Wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki, kaka yangu aliniwekea Sh200,000 kwenye akaunti ili, kama alivyosema, akaunti ipate sura. Sura ilipatikana, na maombi yakakataliwa, kwa sababu fedha hizo hazikuwa na maelezo wala hazikulingana na mshahara wangu, na ada niliyolipa haikurudi. Mara ya pili niliiacha akaunti jinsi ilivyo. Taarifa ya miezi 6 ilionyesha mshahara ukiingia tarehe 28, kodi ikitoka kabla ya tarehe 5, mchango wa chama kila mwisho wa mwezi, na akiba ndogo iliyokuwa ikipanda polepole kama ngazi. Nikaongeza barua fupi ya kueleza kila kilichoweza kuleta swali. Akaunti yenye Sh80,000 zinazojulikana zilikotoka huaminika kuliko yenye laki tatu zilizoingia juzi. Na yule wakala anayekwambia kwamba anaweza kukutengenezea taarifa ya benki, mkimbie, kwa sababu karatasi ya kughushi ikigunduliwa unaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10.

Chumba unachokiacha

Lipa kodi ya miezi utakayokuwa mbali kabla ya kuondoka, au angalau mwachie mtu unayemwamini, kwani mwenye nyumba hana habari na Reading. Funga mtungi wa gesi, safisha friji na uiache wazi, chomoa kila kilichochomekwa ukutani. Kisha nenda kwenye bomba. Katika ploti nyingi za Thika Road maji huja kwa zamu, na siku ambazo hayapo ni rahisi sana kufungua bomba, kuona halitoi kitu, na kuondoka bila kulifunga. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alisafiri kwenda kwao akiwa ameacha la jikoni hivyo hivyo. Maji yaliporudi Alhamisi usiku yalijaza sinki, yakapita chini ya mlango, yakashuka ngazi kama mto, na asubuhi tulikuta zulia lake likielea. Zungusha kila bomba kwa mkono wako hata kama ni kavu, kisha mwachie msimamizi wa jumba ufunguo mmoja na namba ya simu ya ndugu yako aliye Nairobi.

Laini yako ya simu pia ni sehemu ya nyumba. Hakikisha kabla ya kuondoka kwamba itapokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu namba za siri za benki na za M-Pesa zitaendelea kutumwa huko huko, na bila namba hizo hutaweza hata kuigusa akaunti yako.

Mzigo

Habari ya safari ikishaenea, utaletewa vifurushi. Mama ataleta unga wa wimbi, binamu ataleta majani ya chai, na kuna atakayetokea na mursik, yaani maziwa ya kuchachuka ya kibuyuni, au na nyama iliyokaushwa vizuri kabisa. Pokea kwa adabu, lakini fahamu kwamba nyama na maziwa, pamoja na vyakula vilivyotengenezwa kwa vitu hivyo, haviruhusiwi kuingizwa Uingereza na msafiri anayetoka Kenya. Vitachukuliwa uwanjani, na kibuyu cha watu kitaenda navyo. Chai, kahawa na unga havina shida hiyo. Kifurushi ambacho hukukiona kikifungwa usikibebe, awe amekileta nani.

Pima mkoba kabla ya kutoka. Mimi niliupeleka kwenye duka la nafaka lililo chini ya jumba letu, ambako muuzaji aliutundika kwenye ndoano ya mzani wa magunia, akausoma, akanihurumia: kilo 27, nami niliruhusiwa 23. Tulipunguza unga pale pale, na yeye akaununua.

Koti zito usilinunue huko. Soko la Gikomba limejaa makoti ya mitumba, mengi yakiwa yametoka nchi hizo hizo za baridi, na kwa bei ya chakula cha mchana cha London utapata la sufu ambalo litakuwa linarudi kwao likiwa na mwenyeji mpya. Kibadilishi cha plagi hukihitaji, kwani soketi zao zina matundu matatu kama zetu.

Safari yenyewe haina mengi. Ondoka Roysambu mapema kuliko unavyodhani inafaa, maana Barabara ya Outer Ring haina rafiki, na ukifika lango la uwanja wa ndege wa JKIA kuna ukaguzi wa usalama. Ndege ya moja kwa moja hadi London huchukua takriban saa 9. Nakala za barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na tikiti ya kurudi ziweke kwenye mkoba wa mkononi badala ya ule mkubwa, kwa sababu afisa wa mpakani anaweza kuzitaka. Atakuuliza unaenda kwa nani, utakaa siku ngapi na unafanya kazi gani. Mjibu hayo hayo, bila kumsimulia ukoo.

Ndani ya nyumba ya watu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko jembe ni pipa la taka. Mtaa wa shangazi una mapipa ya rangi tofauti, kila rangi na siku yake, na hutolewa nje usiku wa kuamkia siku hiyo. Niliomba kazi hiyo mwenyewe siku ya tatu, nikaisahau wiki ya kwanza, na pipa lililojaa likatukodolea macho hadi zamu yake iliporudi. Tafuta jembe lako mapema, ulizoee, na usingoje kuambiwa.

Shangazi yangu hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, hivyo mchana wake ni usiku. Binti aliyezoea kelele za matatu na muziki wa jirani hupata shida kuelewa kwamba nyumba inaweza kuwa kimya saa nane mchana kwa sababu mtu amelala. Uliza ratiba ya zamu siku ya kwanza, uiandike, na uzungumze na simu ukiwa nje. Nilipotaka kumfurahisha kwa chapati, nilifunga mlango wa jikoni ili asisumbuliwe na harufu. Chapati ya tatu ilipoanza kutoa moshi, king'ora kilicho darini kililia hadi nikadhani polisi wamefika. Shangazi alishuka ngazi akiwa na kitambaa kichwani, akafungua dirisha, akachukua taulo ya vyombo, akaanza kupepea dari kwa utulivu wa mtu aliyelifanya mara nyingi.

"Pole sana, Shangazi. Nimekuamsha."

"Pole ya nini, mama? Hapa chapati hupikwa dirisha likiwa wazi. Niachie mbili."

Kidhibiti cha joto kilicho ukutani usikiguse bila ruhusa. Ukisikia baridi, vaa sweta kwanza, kwani gharama ya kupasha nyumba joto ni mojawapo ya bili zinazomnyima shangazi usingizi. Ukielewa bili hizo utaelewa pia kwa nini sikushauri uende na orodha ya maombi ya ukoo. Kila ndugu atakutuma: karo ya fulani, simu ya fulani, mtaji wa fulani. Waambie mapema kwamba hutapeleka ujumbe wa fedha, na ushike neno lako, maana shangazi amekualika wewe, hakuialika harambee.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba viza ya mgeni hairuhusu kazi. Kanisani utakutana na Wakenya wengine, na wakishajua kwamba unajua kusuka, watakuomba uwasuke kwa malipo. Kusuka kwa malipo ni kazi, hata kama imefanyika sebuleni kwa mtu. Kataa kwa upole, na usiongeze hata siku moja baada ya tarehe uliyopewa.

Ukienda Oktoba, kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa zao hurudishwa nyuma, na tofauti na Nairobi inakuwa saa 3 badala ya 2. Kuanzia hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, jambo ambalo kwa mtu wa ikweta huleta upweke usio na sababu. Toka nje asubuhi kila siku, hata kama ni kwenda dukani tu.

Kurudi

Shangazi atakujazia mkoba viatu vya kila mtu. Vifunge kwa nguo au kwa karatasi, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ile ya maduka ya uwanjani hutakiwa uiache JKIA. Hifadhi tikiti na karatasi zote za safari. Ukiomba viza tena, ushahidi kwamba ulirudi kwa wakati utakuwa na uzito kuliko barua nyingi. Chukua ufunguo kwa msimamizi, fungua madirisha, na upitie mabomba yako. Kisha mjulishe shangazi kwamba umefika, ila angalia ratiba ya zamu kwanza: kama huko ni mchana, mwandikie, usipige.