Jinsi ya kuikamata HSF1 (protini inayowasha jini za kujikinga na joto) ikiwa kazini, na kwa nini saa ya kupima ndo kila kitu

Wengi wanachemsha seli saa nzima halafu wanapima protini ya HSP70 (mlinzi anayeokoa protini nyingine joto likizidi) palepale, wanakuta hakuna tofauti, wanasema jaribio limefeli. Halijafeli, umewahi tu.

Elewa kwanza unachokiwinda. Seli ikiwa kwenye nyuzi 37 zake, HSF1 inakaa moja moja, imeshikwa na kina HSP70 na HSP90, haina kazi. Joto likipanda protini zinaanza kukunjuka hovyo, HSP70 na wenzake wanakimbilia huko kuokoa, HSF1 inabaki haina wa kuishika, ndo inaungana tatu tatu na kung'ang'ania DNA jirani na mwanzo wa jini la HSP70. Sasa pale kuna polimerasi (mashine ya kunakili jini kuwa RNA) ilishaanza kunakili ikasimama hatua chache mbele, kama daladala inayounguruma kituoni, HSF1 ni konda anayegonga bodi gari iondoke.

Haya, kazi. Chukua sahani mbili za seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopandwa siku moja. Moja iache 37. Nyingine izibe vizuri kwa parafilm, iweke kwenye beseni la maji la nyuzi 42 au 43 kwa saa 1. Inkubeta achana nayo, hewa inapasha taratibu mno (japo Mitaliano Ferruccio Ritossa alianzia huko huko, mtu alimpandishia joto la inkubeta akaona kromosomu za inzi zimevimba sehemu mpya, akaripoti 1962). Na tumia thamomita, usiamini namba ya kwenye kioo.

Ukitaka HSF1 yenyewe, vunja seli palepale juu ya barafu, kwenye westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa) mstari wake utakaa juu kuliko wa sahani ya 37 maana imebandikwa fosfeti kibao. RNA ya HSP70 nayo ichukue saa hiyo hiyo. Protini ya HSP70 sasa, hapo rudisha sahani 37 uisubiri kama saa 6 hivi.

Kwenye RNA ndo watu wanaumia. Jini la HSPA1A, ndilo la HSP70, halina introni (vipande vya katikati vinavyokatwa kwenye RNA), kwa seli ni neema kwa sababu joto kali linavuruga ukataji wa introni, ila kwako ni mtego, praima zako (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, yaani kuzidisha DNA ili ipimike) haziwezi kutofautisha RNA na DNA iliyobaki kwenye sampuli. Tia DNase (kimeng'enya kinachokula DNA), halafu weka tyubu moja isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Hiyo nayo ikipanda kwenye PCR karibu sawa na zingine, usiandike chochote, rudi mwanzo.

Na usisubiri kesho yake, RNA utakuta imeshashuka, HSP70 ikishajaa inarudi kuishika HSF1 na gari linasimama tena, wakati protini yenyewe bado unaiona imejaa tele.