Kuhifadhi Ramani ya Mabadiliko Ndani ya Faili la qcow2: Hatua kwa Hatua

Anayenakili diski pepe nzima (faili linalotumika kama diski ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) kila usiku, ilhali ni sehemu ndogo tu iliyoandikwa mchana, anapoteza muda na nafasi bure. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni ramani ya biti: kila biti husimamia kipande kimoja cha diski, na kipande hicho kikiandikwa, biti yake huwashwa. Zamani QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, iliiweka ramani hiyo katika RAM pekee, kwa hiyo ilipotea mara tu mashine pepe ilipozimwa. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2017 inaweza kuhifadhiwa ndani ya faili lenyewe la qcow2, umbizo la diski pepe la QEMU. Mifumo mingine ya mashine pepe huiweka pembeni: VMware huunda faili linaloishia na -ctk.vmdk, na Hyper-V, kuanzia Windows Server 2016, hutumia mafaili ya .rct na .mrt. Binafsi napendelea ramani isafiri pamoja na data yake, kwa kuwa faili la pembeni ni rahisi kulisahau diski inapohamishwa.

Amri nitakazotumia zinahitaji QEMU 5.1 au toleo jipya zaidi.

Hatua ya 1: Kagua toleo la umbizo

Zima mashine pepe, kisha andika:

`qemu-img info diski.qcow2`

Mstari wa compat ukisomeka 1.1, endelea. Ukisomeka 0.10, pandisha faili kwa amri hii:

`qemu-img amend -o compat=1.1 diski.qcow2`

Faili la raw, yaani data ya diski tupu bila umbizo, halina kichwa wala metadata, kwa hiyo halina pa kuweka ramani. Itabidi kwanza uligeuze kuwa qcow2.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa kipande

Kipande kidogo huonyesha mabadiliko kwa usahihi zaidi lakini hukuza ramani. Kipande kikubwa hufanya kinyume chake. Kwa vipande vya KiB 64, diski ya TiB 1 inahitaji biti 16,777,216, yaani MiB 2 tu. Zaidi ya hayo, data ya ramani huhifadhiwa katika klasta za kawaida za qcow2 (vitengo ambavyo faili hilo limegawanywa), na klasta moja ya KiB 64 inatosha kueleza GiB 32 za diski. Sehemu ya ramani ambayo biti zake zote ni sifuri haihitaji klasta yoyote, kwani jedwali la ramani lina alama ya kusema hivyo. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kuhangaika na ukubwa mwingine, isipokuwa kama diski ina hifadhidata inayoandika vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika.

Hatua ya 3: Unda ramani, kisha chukua nakala kamili

Mashine ikiwa bado imezimwa:

`qemu-img bitmap --add -g 64K diski.qcow2 badiliko0`
`qemu-img convert -O qcow2 diski.qcow2 kamili.qcow2`

Usiwashe mashine kabla amri ya pili haijamalizika. Ramani ina maana ikiwa tu inaanza kuhesabu kutoka hali ileile iliyomo katika nakala kamili. Ukiendesha tena qemu-img info, utaiona badiliko0 ikiwa na alama ya auto, inayomaanisha kwamba QEMU itaendelea kuijaza kila diski inapofunguliwa kwa kuandikwa.

Hatua ya 4: Chukua nakala ya nyongeza

Sasa mashine inaweza kuwa inafanya kazi. Andaa faili la kupokea mabadiliko, likiegemea nakala kamili:

`qemu-img create -f qcow2 -b kamili.qcow2 -F qcow2 nyongeza1.qcow2`

Kisha, kupitia QMP (njia ya kutuma amri za JSON kwa QEMU inayofanya kazi), lisajili faili hilo na uanzishe kazi. Hapa nachukulia kuwa diski yako ilipewa jina la nodi diski0, yaani jina ambalo QEMU huitambulia diski hiyo:

`{"execute":"blockdev-add","arguments":{"node-name":"lengo0","driver":"qcow2","file":{"driver":"file","filename":"nyongeza1.qcow2"}}}`

`{"execute":"blockdev-backup","arguments":{"job-id":"kazi0","device":"diski0","target":"lengo0","bitmap":"badiliko0","sync":"incremental"}}`

Wakati wa kunakili, ramani ya awali hugandishwa na yanayoandikwa upya kwenye diski hurekodiwa katika ramani mrithi. Kazi ikifaulu, mrithi huchukua nafasi. Ikishindikana, ramani mbili huunganishwa, hivyo hakuna badiliko linalopotea na unaweza kujaribu tena. Subiri tukio la BLOCK_JOB_COMPLETED, na usome kama limebeba kosa, kwa sababu tukio hilo hutolewa hata kazi inaposhindikana. Baada ya hapo ondoa lengo0 kwa blockdev-del. Nakala ya usiku unaofuata itaegemea nyongeza1.qcow2.

Hatua ya 5: Jua wakati wa kuitupa ramani

Hapa ndipo wengi hukosea, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Mashine ikiwa imewashwa, ramani halisi imo katika RAM. Ile iliyo ndani ya faili hubeba alama ya in-use na huandikwa upya diski inapofungwa vizuri. Niliwahi kuua mchakato wa QEMU kwa kill -9, na alama hiyo ikabaki ilivyo. Ukiikuta kwenye diski ambayo hakuna mashine inayoitumia, ramani haiaminiki na QEMU itakataa kuitumia. Unachoweza kufanya ni kuiondoa na kurudi hatua ya 3:

`qemu-img bitmap --remove diski.qcow2 badiliko0`

Kuna kinga nyingine kwa programu zisizoifahamu ramani. Kichwa cha faili kina biti ya autoclear, ambayo programu ya aina hiyo hulazimika kuizima inapoandika kwenye diski; biti hiyo ikizimwa, ramani zote zilizomo huhesabiwa kuwa zimepitwa na wakati.

Mwisho, qemu-img convert haibebi ramani isipoambiwa. Ukihamisha diski yenyewe kwenda faili jipya la qcow2, ongeza chaguo la --bitmaps, kisha ukague faili jipya kwa qemu-img info kabla ya kufuta la zamani.