Polipu zinazotambaa kwenye tangi la matumbawe: namna ninavyozipunguza bila kuua tangi

Nikimwambia mtu hapa Kampala kwamba nafuga matumbawe, swali la kwanza huwa ni hili: maji ya chumvi unayatoa wapi, na ziwa letu ni la maji baridi? Nayatengeneza. Nanunua maji ya RO (yaliyochujwa hadi kubaki karibu maji matupu) kwenye madumu ya lita 20, natia chumvi ya akwaria, naacha pampu ikoroge usiku kucha, asubuhi napima chumvi hadi kipimo kisome 1.025. Hilo ni jepesi. Kazi iko kwa wageni wanaoingia wamejishika kwenye jiwe kisha wanakataa kutoka.

Tangi langu ni la lita 240. Kipande cha Briareum, tumbawe laini linalotambaa, kilichoanzisha matatizo yangu kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano, nami nilikipokea kama zawadi. Kilipendeza: nyota za kijani (hizo ndizo polipu, vijinyama vyenye mdomo na mikono) zikipepea juu ya ngozi ya zambarau. Mwaka haujaisha, ngozi ile ilikuwa imefunika jiwe zima, imepanda kioo cha nyuma, na inamkaba jirani yake aliyekuwa tumbawe gumu la bei mbaya. Nilikuwa nikikata nyota kwa mkasi, nazo zinarudi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nyota si kitu. Zulia lililo chini yake ndilo lenye uhai wote, na ukiacha kipande chake chenye upana wa ukucha, hujafanya lolote.

Hatua ya 1: Mjue unayepambana naye

Dawa ya mmoja ni mbolea kwa mwingine, kwa hiyo tazama kwa utulivu kabla ya kushika kisu.

Briareum ina zulia la zambarau linaloteleza kama mpira, na kila polipu ina mikono minane. Ukiigusa, nyota zote hujificha na kubaki ngozi tupu. Clavularia ni ndugu yake, nayo ina mikono minane, ila polipu zake ni kubwa zaidi na hutambaa kwa nyuzi badala ya zulia nene. Xenia ina vishina vya nyama, na aina nyingi hufumba na kufumbua viganja vyake mchana kutwa. Zoanthus na Palythoa zina sahani bapa yenye nywele fupi pembeni.

Aiptasia si tumbawe bali ni anemoni, lakini naiweka humu kwa sababu inaingia kwa mlango uleule. Ina rangi ya kahawia inayopenyeza mwanga na umbo la mnazi mdogo. Ukiielekezea kidole inatoweka ndani ya tundu kabla hujaigusa.

Hatua ya 2: Glovu, miwani, na sufuria ibaki jikoni

Hapa sitanii. Palythoa na baadhi ya Zoanthus hubeba sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana kutoka baharini. Wanasayansi Moore na Scheuer waliitangaza mwaka 1971 baada ya kuitoa kwenye Palythoa ya Hawaii. Watu wengine duniani wamelazwa hospitali pamoja na familia zao kwa sababu walichemsha mawe ya akwaria ili kuyasafisha, wakavuta mvuke.

Kwa hiyo usichemshe jiwe, usilimwagie maji ya moto, wala usilisugue likiwa kavu. Vaa glovu ndefu na miwani ya kinga, na kama una kidonda mkononi, ahirisha kazi. Watoto watoke chumbani, madirisha yawe wazi. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, ganzi, kifua kubana au macho kuwasha baada ya kazi, nenda hospitali na umweleze daktari jina la sumu, maana huenda hajawahi kukutana nayo.

Hatua ya 3: Toa jiwe nje

Zima pampu zote. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, weka jiwe humo, fanyia kazi hapo. Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa kukwangua Aiptasia kwa kisu ndani ya tangi huku pampu zinazunguka. Kila chembe ya mguu wa Aiptasia inaweza kuota mnyama mpya. Nilikuwa na nne. Wiki chache baadaye niliacha kuhesabu nilipofika thelathini.

Kama jiwe limebanwa chini ya mengine na haliwezi kutoka, mtu wa pili ashike mpira wa kunyonya maji ubavuni mwa kisu chako, mabaki yaende ndooni papo hapo.

Hatua ya 4: Kubandua zulia

Ingiza ncha ya kisu chembamba chini ya ukingo wa zulia, ukinyanyue kidogo, kisha vuta kwa vidole polepole, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda. Kwenye kioo litatoka lote kwa mvuto mmoja, na raha yake huwezi kuieleza. Kwenye jiwe litakatika, kwa sababu limeshuka ndani ya vitundu. Hapo ndipo wengi wanachoka. Chukua patasi ndogo na nyundo, chonga tabaka la juu la jiwe pale palipobaki zambarau. Utapoteza nusu sentimita ya jiwe, potelea mbali.

Pasipofikika na patasi, ziba. Kausha kwa kitambaa, paka supaglu ya jeli au udongo wa epoksi wa akwaria, uhakikishe umevuka ukingo wa zulia kila upande. Likikosa mwanga na maji, linakufa humo humo.

Usifanye zaidi ya robo ya eneo kwa siku moja. Sababu iko kwenye hatua ya 7, na niliilipia.

Hatua ya 5: Uji wa chokaa kwa Aiptasia

Unahitaji kalsiamu haidroksaidi safi, ile ya akwaria au ya kutengenezea chakula. Chokaa ya kupaka ukuta ni ya bei rahisi na ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini hujui imechanganywa na nini. Iache kwa mafundi.

Changanya kijiko kimoja cha chai na matone machache ya maji ya RO hadi iwe nzito kama dawa ya meno iliyolegea. Ivute kwenye sirinji ya mililita 5 yenye sindano butu. Pampu zikiwa zimezimwa, sogea taratibu, dondosha juu ya mdomo wa Aiptasia ikiwa imefunguka, na isipowahi kujificha, izike kabisa. Acha robo saa hadi dakika ishirini bila maji kutikisika. Kisha nyonya ukoko mweupe na uutoe.

Usizidishe kumi kwa siku katika tangi la ukubwa wa langu, maana chokaa hupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji. Ikiruka jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu uende kwa daktari.

Hatua ya 6: Mtego wa Xenia

Xenia ukiikata hovyo inaacha mguu, na mguu unaota. Mimi naitega. Weka jiwe dogo tupu likigusa ukingo wa kundi lake, upande wenye mwanga mzuri. Baada ya wiki kadhaa itakuwa imeanza kuhamia yenyewe. Toa jiwe, weka jingine. Ni kazi ya mvivu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hata Briareum hunaswa hivi.

Mabaki yanayogoma, chonga pamoja na kipande cha jiwe yalichosimamia.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza

Mara ya kwanza nilibandua karibu nusu ya mwamba siku moja, Jumamosi, nikalala nimefurahi. Vilivyobaki kwenye vitundu vya mawe vikaanza kuoza. Saa nane usiku umeme ukakatika. Saa kumi na moja alfajiri mama watoto akanitikisa: "Amka, samaki wako wanapumua hewa." Walikuwa wamejipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji. Nilichukua jagi la jikoni, nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, hadi umeme uliporudi saa moja. Wawili hawakuishi.

Nyama inayooza hula oksijeni, na sisi tunaanza na kidogo. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 13 kuliko maji ya Mombasa yenye joto na chumvi sawa. Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari na umeme wao haukatiki. Siku hizi siinui kisu kabla pampu ya hewa ya betri haijajaa chaji.

Baada ya kazi weka kaboni mpya kwenye chujio, badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji, na pima amonia, sumu inayotokana na uozo, kesho yake na keshokutwa. Ikionekana yoyote, badilisha tena. Subiri wiki mbili kabla ya kubandua robo nyingine.

Punguza na chakula. Aiptasia hunenepa kwa makombo ya samaki. Mimi nashikilia naitreti kati ya 5 na 10 na fosfeti isizidi 0.1, miligramu kwa lita; hivi ni virutubisho vinavyotokana na chakula na uchafu. Usishushe hadi sifuri, matumbawe unayoyataka nayo hula.

Hatua ya 8: Walaji

Kamba aina ya Lysmata wurdemanni hula Aiptasia ndogo. Konokono asiye na gamba wa jenasi ya Berghia hali kitu kingine, hivyo zikiisha naye hufa njaa. Kuwafikisha hapa wakiwa hai ni gharama na bahati, na hawatagusa Briareum wala Xenia. Kama una Aiptasia tano, nunua sirinji.

Hatua ya 9: Kutupa

Kila ulichotoa kiloweke na vifaa vyako kwenye dawa ya kupaushia nguo, sehemu moja kwa kumi za maji, nje ya nyumba, walau nusu saa. Usiichanganye na siki wala asidi yoyote, itatoa gesi ya klorini. Kisha funga kwenye mfuko, tupa jalalani.

Ukivitupa ziwani vitakufa kwa kukosa chumvi, najua. Ninaowahofia ni wanaoshuka Mombasa likizo wakaona huruma ya "kuvirudisha baharini". Pwani ya Venezuela, tumbawe laini la Indonesia, Unomia stolonifera, linaloaminika lilitoka kwenye akwaria, limefunika miamba na kusonga matumbawe ya wenyeji. Sisi tuliotazama gugumaji likijaza ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 tusihitaji kuelezwa mara mbili.

Hatua ya 10: Mlangoni

Kipande kipya, hata kikitoka kwa rafiki, kinakaa kwenye kitangi cha pembeni wiki nne hadi sita. Kila baada ya siku chache, saa mbili baada ya taa kuzimwa, ninakimulika kwa tochi, hasa upande wa chini. Wiki iliyopita nilipata Aiptasia moja, ndogo kuliko punje ya mchele, kwenye ufa wa kipande nilichokuwa nimekikagua mara tatu mchana. Nilikata pembe ile ya jiwe kwa koleo, nikaitia kwenye ndoo ya dawa, nikaanza kuhesabu wiki sita upya.