Namna ya Kuchagua na Kutunza Mercedes-Benz Iliyotumika kwa Kuujua Umri Wake

Kila anayeniuliza kama Mercedes-Benz ni gari imara, mimi humuuliza kwanza ni ya mwaka gani, na wengi hudhani ninakwepa swali. Sikwepi. Nyota ya ncha tatu iliyosimama juu ya boneti ni ileile, lakini gari lililo nyuma ya nyota hiyo limebadilika sana kizazi hadi kizazi, na kila kizazi kina nguvu zake na maradhi yake ambayo fundi mzoefu huyataja hata kabla hajafungua boneti. Kwa hiyo anayetaka kununua Mercedes iliyotumika na aanze na historia, kwa sababu historia ndiyo itakayomwonyesha mahali pa kumulika tochi.

Chapa hii ilizaliwa na nyumba mbili zilizokuwa zikishindana. Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, na mwaka huohuo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliofanya kazi Cannstatt karibu na Stuttgart, walifunga injini yao katika kigari kilichoundwa kuvutwa na farasi. Jina la Mercedes lilikuja kwa mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyekuwa akiwauzia matajiri wa Nice, Ufaransa, magari ya Daimler na kuyaita kwa jina la binti yake. Jina hilo lilisajiliwa mwaka 1902, nyota ikasajiliwa mwaka 1909, na kampuni hizo mbili zikaungana mwezi Juni 1926. Hayo yatoshe kuhusu majina. Habari inayomfaa zaidi mmiliki ni ile ya Agosti 1888, pale Bertha Benz, mke wa Karl, alipoondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, kiyeyushi kinachofanana na petroli, katika duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipolika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Alilisikiliza gari lake njia nzima na kulitibu palepale lilipougua, na hakuna namna nyingine ya kuishi na gari la chapa hii kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe. Kiwanda hukiita kila kizazi kwa herufi W na namba, na yale yaliyoipa chapa hii sifa ya kutokufa ni hasa W123, iliyouzwa kuanzia mwaka 1976 na kutengenezwa karibu magari milioni 2.7, na W124 iliyoifuata mwishoni mwa mwaka 1984. Injini zake za dizeli ni za ukoo mrefu, kwa maana mwaka 1936 kampuni hii ilikuwa imekwisha kutoa 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria yenye injini ya dizeli kutengenezwa kwa wingi. Bodi nayo ina elimu yake. Mhandisi Béla Barényi alibuni sehemu za mbele na nyuma zinazojikunja wakati wa ajali ili chumba cha abiria kibaki salama, na wazo hilo liliingia katika magari ya kuuzwa mwaka 1959 kwa W111. Mwaka 1978 gari la daraja la S, lile la hadhi ya juu, likapata breki za ABS, yaani zinazozuia tairi zisikwame, zilizotengenezwa pamoja na Bosch. Mtu anapofunga mlango wa W123 na kuusikia ukijibu kwa mlio mmoja mzito, anasikia matunda ya fikra hizo.

Lakini sifa hiyo isikulevye. Katika makumbusho ya kampuni mjini Stuttgart lipo gari la 240 D la mwaka 1976 lililotolewa na dereva teksi wa Ugiriki baada ya kutembea kilomita milioni 4.6. Watu hulisimulia gari hilo kama muujiza, wakati ukweli wake una faida zaidi: injini ilibadilishwa mara nyingi, na mwenyewe hakuacha kulihudumia. Gari lilidumu kwa sababu liliundwa ili litengenezeke, na kwa sababu lilikuwa na mtu wa kulitengeneza.

Magari ya katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 yanahitaji tahadhari kubwa zaidi, nami nasema hivi kwa masikitiko, kwa kuwa baadhi yake ni mazuri mno kuyaendesha. W210 ya mwaka 1995 inaliwa na kutu kwa kasi isiyolingana na bei yake ya asili, na mahali pa hatari kuliko pote ni kikalio cha springi ya mbele, ambacho kikioza kinaweza kuachia springi gari likiwa barabarani. Daraja la S la W220, lililotoka mwaka 1998, linasimama juu ya mifuko ya hewa; liache usiku kucha mahali tambarare, na asubuhi kona moja ikiwa imeinama ujue kuna hewa inayovuja. W211 ya mwaka 2002 ilikuja na breki za kielektroniki zinazoitwa SBC, ambazo kompyuta yake huhesabu kila mkanyago na hatimaye hudai kifaa kizima kibadilishwe, na mfumo huo uliondolewa gari lilipofanyiwa maboresho mwaka 2006. Injini za V6 za M272 za miaka ya mwanzo zina gia ya shafti ya kusawazisha inayolika kabla ya wakati wake, na kuibadilisha ni kazi ya kushusha injini. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizi inayoonekana kwa kutazama rangi na viti.

Ukaguzi na uanze kwenye namba ya chesisi. Namba za magari haya mara nyingi huanza na herufi WDB, na tarakimu tatu zinazofuata ndizo jina la bodi: 123, 124, 210, 211. Kwa namba hiyo inawezekana kupata kadi ya data ya gari, yaani orodha ya kiwandani inayotaja namba ya injini, msimbo wa rangi na kila kifaa cha ziada kilichofungwa siku gari lilipoundwa. Linganisha kadi na gari lenyewe. Rangi isipolingana, au namba ya injini ikiwa nyingine, halijawa kosa, lakini muuzaji awe na maelezo yenye karatasi.

Kisha lala chini. Katika W123 pitisha vidole na tochi kwenye matundu ya jeki, chini ya kikalio cha betri, na kuzunguka kioo cha nyuma, ambako maji hujificha chini ya mpira. W124 za kuanzia mwishoni mwa mwaka 1989 zina vibao vya plastiki ubavuni, na nyuma ya vibao hivyo matundu ya jeki huweza kuwa yameoza huku nje gari likimetameta. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe polepole juu ya matao ya tairi. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti badala ya bati.

Injini isikilizwe ikiwa baridi, na hili nalisisitiza. Ukifika ukakuta boneti ina joto, mwambie muuzaji kwa heshima kwamba utarudi kesho, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha mambo mengi. Dizeli ya zamani yenye afya huwaka mara tu taa ya hita, ile inayoonyesha kwamba silinda zinapashwa joto, inapozimika, ikatetema kidogo, kisha ikatulia. Ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, legeza kifuniko cha kujazia oili ukilaze kimegeuzwa juu ya tundu lake: kikicheza kidogo hakuna neno, kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, ringi na silinda zimechoka. Katika injini za petroli zenye cheni ya taimingi, mkwaruzo unaosikika kwa sekunde chache baada ya kuwasha ni dalili ya cheni iliyorefuka, na usikubali kuambiwa kwamba ndivyo zilivyo. W124 za petroli za miaka ya 1993 hadi 1995 zina ugonjwa wake wa peke yake: ngozi ya nyaya za injini hukauka na kupukutika. Kunja waya mmoja kwa upole karibu na injini. Ngozi ikipasuka na shaba ikaonekana, hesabu bei ya mkanda mzima wa nyaya kabla ya kutaja bei yako.

Giaboksi otomatiki ya gia tano inayoitwa 722.6, iliyoanza kutumika mwaka 1996, ni imara kweli, lakini iliuzwa kwa neno kwamba oili yake ni ya maisha yote, na neno hilo limeua nyingi. Ibadilishwe pamoja na chujio lake. Mimi sivuki kilomita 60,000. Ina bomba la kupimia lisilo na kijiti, hivyo fundi lazima awe na kijiti chake, na oili hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 80, sio gari likiwa limelala. Pale nyaya zinapoingia kwenye giaboksi kuna plagi ya mviringo ambayo raba zake huchoka, na oili hupanda taratibu ndani ya nyaya, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, mpaka ikafika kwenye kompyuta ya giaboksi. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuchomoa plagi ya kompyuta hiyo; pini zikiwa na unyevu wa oili, raba hiyo ya bei ndogo imepuuzwa kwa miaka.

Mimi mwenyewe namiliki 240 D ya W123, na funzo nililolipia kwa gharama kubwa lilitoka kwenye kitu kidogo kuliko hicho. Asubuhi moja nilizima ufunguo, nikautoa, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba sikugusa kitu. Gereji niliyoipelekea ilinihakikishia kwamba pampu ya dizeli imekufa, na nilikuwa karibu kuinunua. Mzee mmoja aliyezeeka katika magari haya alifungua boneti, akabonyeza wenzo mdogo wenye maandishi ya STOP juu ya injini, injini ikazima papo hapo, kisha akafuata kwa vidole mrija mwembamba wa plastiki mpaka kwenye kiungo cha mpira chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Kilikuwa kimepasuka. Dizeli hizi huzimwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa, na kiungo kikipasuka mvuto haufiki kwenye pampu. Tangu siku ile, kila ninaponunua au kukagua gari la namna hii, hubinya viungo vyote vya mirija hiyo kimoja kimoja, na vilivyokuwa vigumu kama mti hubadilishwa bila mjadala.

Ukishanunua, usianze na redio wala rimu. Mwezi wa kwanza ni wa vimiminika: oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, maji ya rejeta yenye dawa iliyoidhinishwa, na mafuta ya breki, ambayo baada ya hapo hubadilishwa kila miaka 2 kwa sababu hunyonya unyevu. Kwa injini mpya zaidi soma idhini iliyoandikwa nyuma ya kopo la oili, kwa mfano 229.5, au 229.51 kwa dizeli zenye chujio la chembe za moshi; jina la oili lina uzito mdogo kuliko namba hiyo. Kwa vipuri, tafuta jina la kiwanda kilichotengeneza kifaa chenyewe tangu mwanzo, kama Lemförder kwa mikono na boljointi, Sachs kwa shokomzoba, au Bosch kwa nozeli, na uandike namba ya kifaa inayoanzia na herufi A kabla hujaenda dukani. Bushi za bei rahisi katika W124 nimeziona zikipasuka kabla mwaka haujaisha, na kazi ya kuzifunga unailipia mara mbili.

Wenye dizeli za W123 wana wajibu mmoja zaidi ambao wengi hawaujui, nao ni kurekebisha valvu kila baada ya kilomita 24,000 hivi. Hatari yake ni kwamba haipigi kelele. Kadiri valvu zinavyozama katika vikalio vyake, nafasi hupungua, injini huwa kimya zaidi, na mwenye gari hufurahia ukimya huo mpaka asubuhi injini inapogoma kuwaka kwa kukosa mgandamizo. Kazi hufanywa injini ikiwa baridi, kwa spana za milimita 14 zilizopindwa mahususi na kwa kipimo chembamba cha bati, ukizungusha injini kwa mkono mpaka kila kamu, yaani jino la shafti linalosukuma valvu, ielekeze juu. Mara ya kwanza ilinichukua nusu siku na sasa hunichukua saa 2, na nikimaliza huandika kilomita na tarehe katika daftari linalokaa ndani ya dashibodi, mahali ambapo mmiliki aliyenitangulia aliandika ya kwake.