Kuhakiki Usafi wa Kilele cha Kromatografia kwa Spektra

Kromatografia hutenganisha kemikali kwa kuzipitisha pamoja na kimiminika kwenye kolamu, yaani bomba lililojazwa chembe, na kinachotoka huchorwa kwenye grafu kama kilele. Kilele chembamba chenye umbo zuri si ushahidi kwamba ndani yake mna kemikali moja tu, kwani dawa na uchafu wake huweza kutoka kwenye kolamu kwa wakati mmoja. Kigunduzi cha diodi nyingi husaidia kwa sababu hurekodi spektra nzima, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga kinachofyonzwa katika kila urefu wa wimbi, tuseme nanomita 210 hadi 400, katika kila nukta ya kilele.

Kwanza, iache taa ya deuteriamu, inayokipa kigunduzi mwanga, ipate moto kwa nusu saa. Hapa Dar es Salaam, umeme ukikatika na kurudi, anza kusubiri upya. Zimua sampuli hadi ufyonzaji wa mwanga kwenye ncha ya kilele usizidi 1, maana kigunduzi kilichozidiwa hupotosha spektra na kukifanya kilele safi kionekane kichafu.

Kisha chukua spektra tatu: kwenye mpando, kwenye ncha na kwenye mteremko. Ondoa katika kila moja spektra ya mstari wa msingi (sehemu ya grafu isiyo na kilele), zipe zote kimo kimoja, halafu zipandanishe. Kwa parasetamoli, zote zinapaswa kufunikana, zikiwa na ufyonzaji mkubwa karibu na nanomita 245. Ile ya mteremko ikivimba upande mmoja, kuna kitu kimejificha mkiani. Mimi siiamini namba ya usafi inayotolewa na programu kabla sijaziona spektra zenyewe.

Uchafu wenye spektra sawa na ya dawa hautaonekana kwa njia hii. Hapo badilisha kolamu au pH ya kimiminika, au tumia spektrometa ya masi, inayotofautisha kemikali kwa masi ya molekuli zake.